Kidude Chekundu Nyuma ya Mashine

Mwanangu Bahati,

Usiifungue barua hii ukiwa bado bandarini Kalundu. Ngoja mpaka boti iwe imeondoka na watu wameacha kupunga mikono, utulie mahali pako, ndipo usome. Nimeiandika kwa mkono kwa sababu nikiichapa itafanana na zile barua za kuomba kazi ninazowachapia watu kila siku, na wewe ungeanza kuitafutia makosa ya herufi.

Umeenda kuwaaga wenzako wa korali kanisani. Baba yako yuko na lori lake njia ya Fizi. Mimi nimekaa hapa dukani, mlango nimeuegesha ili asije mtu kuniomba fotokopi. Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za marafiki wa kuchagua ulishazisikia mpaka zikakuchosha, sizirudii. Nataka kukuambia habari moja tu, na ni yangu mimi. Namwonea wivu mama yako mdogo Faida, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye kesho kutwa utalala nyumbani kwake Kalemie, uanze kujifunza ufundi wake wa kompyuta. Nilianza kumwonea wivu kabla hujazaliwa, na mwezi uliopita wivu huo ulikuumiza wewe.

Wewe unamjua Faida kama sauti ya kwenye simu, ile inayocheka kabla hata hujamaliza kusalimia. Mimi namjua tangu akiwa mtoto mwenye kamasi kule kijijini kwetu Katogota. Baba yetu alikuwa na redio iliyokuwa ikizimika katikati ya habari. Faida aliifungua kwa kisu cha jikoni, akapekua, akafunga, ikasema. Kuanzia siku hiyo babu yako akawa anamwita fundi wangu. Mimi nilikuwa mkubwa, nilipalilia mihogo, nilipika chakula cha nyumba nzima, nilibeba maji kutoka mfereji wa mbali, na sikumbuki jina lolote nililopewa kwa kazi hizo. Ilipofika wakati wa kumpeleka mtoto mmoja shule ya ufundi Bukavu, hakuna aliyeuliza ni nani. Mimi ndiye niliyefunga mzigo wake. Ile kamba niliikaza makusudi, kwa nguvu zangu zote, ili akifika ahangaike kuifungua. Ndivyo nilivyomuaga mdogo wangu.

Najua unacheka. Cheka tu, mimi pia nacheka sasa. Lakini siku ile sikucheka.

Kuna jingine ambalo hulikumbuka maana ulikuwa bado unatambaa. Malaria ilinishika vibaya, nikalala wiki nyingi, na Faida akaacha masomo yake akaja kukulea. Alikuogesha, alikulisha, alikubeba mgongoni akiuza karanga pale mlangoni. Nilipopona nikatoka ndani kwa mara ya kwanza, nikakaa kwenye mkeka nikakunyooshea mikono. Ukanitazama. Kisha ukageuka ukatambaa kwenda kwake. Alikubeba haraka akakuletea mapajani pangu, akasema, "Ni mama yako huyu, weye." Kila mtu alicheka. Nikamshukuru kwa mdomo, na moyoni nikataka arudi Bukavu siku hiyo hiyo. Mtu aliyenilelea mtoto, nilitaka aondoke kabla chakula hakijaiva.

Baadaye akapata kazi Kalemie, akafungua karakana yake ya kompyuta, nami nikafungua duka langu hapa Mulongwe. Nilijifunza kuchapa kwa masista, vidole vyote kumi, bila kutazama. Ulipofika umri wa kukaa kwenye kiti bila kuanguka nilikukalisha hapa. Ni mimi niliyekufundisha kuvuta karatasi iliyokwama bila kuichana, na ni mimi niliyekupa bisibisi ya kwanza, ile yenye mpini wa kijani. Kwa miaka ile ukiwa na swali lolote ulikuwa unaniuliza mimi, na mimi nilijua jibu, au nilijua kujifanya najua.

Kisha zikaja simu za kuonana uso. Ukaanza kusema, "Mama, ngoja niulize mama mudogo." Hukuwa na ubaya wowote. Kila uliposema hivyo mimi nilikuwa naitika "uliza tu", kwa sauti nzuri kabisa, huku nikibana meno.

Sasa nifike kwenye lile boksi la umeme la ndani ya kompyuta, lile mnaloliita alimantasyo.

La zamani lilipokufa, duka lilisimama. Regulateri yetu ya kusawazisha umeme nayo ilikuwa imeshaharibika kwenye mafuriko, tukawa tunachomeka mashine ukutani moja kwa moja na kumwomba Mungu. Kabla sijapanga nifanye nini, Faida akatuma jipya kwa boti, limefungwa vizuri, juu ameandika jina lako. Jina lako, Bahati. Duka ni langu, mashine ni yangu, boksi likaja kwa jina lako. Nililishika nikaona jinsi lilivyo zito, nikakupa.

Ulilifunga vizuri jioni ile, nilikuwa nakutazama. Ukabonyeza, feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Ukabonyeza tena, vilevile. Na hapa ndipo nataka unisikilize sana, kwa sababu hakuna mtu aliyeliona hili ila mimi mwenyewe. Feni iliposimama, nilifurahi. Wateja wangu karibu wote walikuwa wameshahamia kwingine, sikuwa na kazi, sikuwa na kitu cha kuweka sokoni, na bado nilifurahi kwamba zawadi ya Faida imekataa kuwaka.

Ukampigia. Ukaegemeza simu kwenye kopo la kalamu, sauti yake ikajaa duka zima.

"Bahati, ile prise kubwa ya nyuzi mingi, umeisukuma mpaka ikalia?"

"Iko imelia, mama mudogo."

"Na ile kadogo ya nyuzi ine, karibu na feni ya katikati?"

"Nayo nimeingiza."

"Toa memware, uipanguze, urudishe."

Ulifanya kila alichosema. Akakuonyesha hata kukunja kibanio cha karatasi, kukigusisha uzi wa kijani na uzi mweusi ili boksi lijaribiwe likiwa peke yake nje ya mashine. Likazunguka, likasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya fotokopi nikisikia "ndiyo mama mudogo, ndiyo mama mudogo". Mwishowe akasema umgeuzie simu juu, aione taa yetu, ajue umeme una nguvu kiasi gani.

"Aa! Moto yenu iko chini sana. Taa iko nyekundu tu. Mashini haina shida, ni kinu cha jirani kinakula moto yote. Mungojee asubui, mbele ya kinu kuanza, itawaka. Na ile kidude nyekundu ya kusogeza, kule nyuma, musiiguse hata! Ibakie pale pa 230."

Alisema vema. Kila kitu alichosema kilikuwa sawa, nami nilijua ni sawa, maana kinu cha kusaga cha Papa Safari tunacho ukutani hapa na taa zetu hufifia kila kinapounguruma. Lakini nilichosikia mimi ni mtu wa Kalemie ananipangia saa ya kufungua duka langu. Na neno lile, musiiguse. Sijawahi kukaa vizuri na mtu anayeniambia nisiguse kitu kilicho mezani kwangu.

Nikaenda nyuma ya mashine nikakitazama. Upande huu 230, ndio umeme kamili, upande huu 115. Na akili yangu ya Mulongwe ikaniambia hivi: umeme wetu unakuja nusu, na pale pameandikwa nusu, basi mahali petu ni pale. Mtu wa mji mwingine hawezi kuwaza hivyo. Ni sisi, ambao tumezoea kupanga kazi zetu kwa kutazama rangi ya taa, ambao tunaweza kudhani kiwanda kilitukumbuka.

"Mama, acha," ulisema. "Amesema tusiiguse."

"Duka ni ya nani?"

"Ya weye."

"Unamuamini yeye kupita minye?"

Nikakisogeza kwa ncha ya kalamu mpaka 115. Ukabonyeza, feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, skrini ikawaka.

Ile furaha, mwanangu! Nilipiga makofi peke yangu kama kichaa. Nikakukataza kumpigia simu. Nilitaka kumpigia mimi, kesho yake, nikimaliza kuchapa karatasi za wale wenye ndoa waliokuwa bado wananingoja, nimwambie taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi, "Faida, ile mashini yako niliiwasha minye." Niliyapanga maneno hayo usiku nikiwa nimelala, nikayapangua, nikayapanga tena. Wewe ulikuja mara mbili kuniambia tukirudishe kidude mahali pake. Nikakufukuza.

Unajua yaliyofuata. Kesho yake niliiwasha kinu kikiwa kimeshaanza, na mchana, karatasi za ndoa zikiwa zinatoka, Papa Safari akasimamisha kinu chake abadilishe mkanda. Taa juu yetu ikawa nyeupe ghafla, umeme wote ukarudi nyumbani. Kikapasuka kitu ndani ya boksi, moshi ukatoka nyuma, na harufu ile ikakaa kwenye pazia hata baada ya kulifua. Wenye ndoa walichukua karatasi chache zilizotoka wakaenda kumalizia kwa jirani. Na mimi, mbele yao, nikiwa bado napepea moshi, nikasema, "Ni mudogo wangu alinitumia kitu kibovu." Nikairudia kwa Papa Safari. Nikairudia kwa mama muuza ndagala. Nilikuwa nikiisema naona raha, na kila nikiisema inakuwa kweli zaidi.

Jioni Faida akapiga mwenyewe, akauliza inaendeleaje. Ulimwambia imepasuka. Akasema geuza nyuma nione. Ukageuza.

"Iko pa 115! Nani aliisogeza?"

Ulinitazama. Mimi nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa kioo cha fotokopi, ambacho kilikuwa safi.

"Ni minye, mama mudogo," ulisema. "Niliona moto iko chini."

"Nilikuambia nini?"

"Nisiguse."

Kisha akasema ile hukumu ambayo tangu siku ile haijanitoka kichwani. "Basi ukikuja, utafagia kwanza, utauzisha makava ya simu. Mashini za batu hautazigusa mpaka nione unasikia. Mwaka muzima."

"Sawa, mama mudogo."

Niliona aibu, ndiyo. Lakini nikikuandikia aibu peke yake nitakuwa nimekudanganya. Chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, na nilikitambua kwa sababu nilishakutana nacho jioni ile feni iliposimama. Kwa mara ya kwanza tangu umezaliwa, Faida alikuwa amekukasirikia, na mimi nikaona afadhali. Nikawaza, sasa huyu mtoto atarudi kuwa wangu. Nikakukaangia samaki, mukeke mkubwa, nikakuwekea wote kwenye sahani yako. Ulikula, ukashukuru, ukaenda kulala. Hukunilaumu hata kwa jicho. Afadhali ungenilaumu.

Wiki zote hizi ulikuwa unangoja niseme, au pengine hukungoja kabisa, sijui. Mimi nilijiambia mwaka mmoja si kitu, kufagia hakujaua mtu. Nilijiambia Faida atasahau. Nilijiambia mambo mengi, mchana nikiwa na kazi niliyaamini.

Leo asubuhi nilikuwa nakukunjia nguo. Nikatafuta kwenye begi kile kifuko cha bisibisi, sikukiona. Kumbe kilikuwa juu ya kabati, umekiweka vizuri pembeni ya karatasi zangu.

"Na turnevisi?" nikakuuliza.

"Zibakie, mama. Kule minye nitafagia."

Hukusema kwa hasira. Ulikuwa unafunga viatu, ulisema kama mtu anayesema mvua haitanyesha leo. Ukaondoka kwenda kanisani. Mimi nikabaki na shati lako mkononi. Tangu ukiwa mdogo sijawahi kukuona unaenda mahali popote bila bisibisi, hata kwenye ubatizo wa binamu yako ulikuwa nayo mfukoni. Sasa umejifunza kuziacha, na aliyekufundisha ni mimi.

Basi nikampigia Faida.

"Yaya!" akasema, maana mimi ndiye dada yake mkubwa, akicheka kama kawaida. "Mutoto amekwisha kufunga mizigo?"

"Amekwisha. Faida, ile kidude nyekundu, ni minye niliisogeza."

"Sema tena?"

"Ni minye. Bahati alinikataza, nikamunyamazisha."

Nilisikia mtu karakanani kwake akiuliza bei ya kitu, naye akamwambia angoje.

"Na ukamuacha aseme ni yeye?"

"Nilimuacha."

"Juu ya nini, yaya?"

Nilikuwa nimeandaa kusema juu ya aibu, au juu ya wateja. Nikasema, "Juu ya wivu. Niko na wivu na weye. Tangu zamani."

Nilidhani atacheka, nikangoja nikiwa nimeshakasirika tayari. Hakucheka. "Wivu ya nini?" akasema polepole. "Uko na bwana. Uko na watoto. Minye ule mutoto niko naye kwa simu tu, yaya. Akizima, sina kitu."

Ningependa kukuandikia kwamba hapo moyo wangu ulilainika, tukalia pamoja, tukapatana. Hapana. Nilichowaza mara moja, na nakuambia kama kilivyokuja, ni kwamba kuanzia kesho mambo yanageuka. Yeye atakuwa na wewe mezani, atakuona ukiamka na nywele zimesimama, atajua umekula au hukula. Mimi ndiye nitakayekuwa na wewe kwa simu tu. Wivu ukanipanda, mkali kuliko wote nilioujua. Lakini kwa mara ya kwanza nilielewa yeye alikuwa akiishi na nini miaka yote hii, huku akinicheka na kunitumia maboksi kwa boti.

"Basi akuje," akasema. "Ataanza na mashini siku ile ile. Ufagio nitashika minye. Lakini weye, yaya, umenifanya nimuchukie mutoto mwezi muzima, hiyo sitasahau haraka."

"Usisahau," nikamwambia. "Uko na haki."

Halafu nikakumbuka kwamba sijawahi kukukabidhi. Ulishapata nafasi ya boti, ulishaaga ukoo mzima, na mimi, mzazi wako, nilikuwa sijamtamkia mwenye nyumba lile neno ambalo kwetu mtoto hawezi kuhamia kwa ndugu kabla halijasemwa. Nilikuwa nimelikalia makusudi. Nikalisema. "Faida, nakuachia mutoto."

"Nimemupokea, yaya."

Nikakata simu haraka kabla sijaongeza kitu cha kuliharibu.

Kile kifuko nimekirudisha kwenye begi, kiko chini ya shati la bluu. Usinishukuru kwa hilo. Nisamehe kwa lile jingine, na ukiona huwezi sasa hivi, acha, utanisamehe ukiwa tayari.

Nimetafuta neno la kukupa la safari na sina kubwa. Nina hili tu nililolinunua mwenyewe: siku ukijikuta umefurahi kwa sababu kazi ya mwenzako imekataa kuwaka, usiguse kitu. Kaa chini. Toka nje hata, ukanunue karanga. Mikono ya mtu mwenye wivu ina haraka sana, na ina hoja nzuri kwa kila inachofanya. Mimi nilikuwa na hoja nzuri kabisa siku ile, nusu kwa nusu. Na ukikosea, maana utakosea, sema ni wewe kabla mtu mwingine hajasema ni yeye. Mtu akikubebea kosa lako, usiku wote unalisikia linavyomlemea.

Wivu haujaniisha. Sitaki uende ukidhani mama amepona. Ukinipigia ukaanza kusema chakula cha kule ni kitamu, nitauliza kimepikwa na nini, na nitakipata kasoro. Ukisema mama mudogo amekufundisha kitu kipya, nitasema nilikijua. Nivumilie tu, sema "ndiyo mama", tuendelee na mazungumzo.

Sasa nasikia sauti yako barabarani unaagana na wale wenzako, inabidi nimalize. Kesho bandarini sitasema lolote katika haya. Nitakuambia ushike vizuri begi, nitagombana na mbeba mizigo, utaondoka.

Lakini ukifika Kalemie, kabla hujashuka utamwona Faida amesimama pale amekunyooshea mikono. Nenda. Usitembee polepole kwa ajili yangu, usimkumbatie nusu nusu ukiwaza mama angesema nini. Mkumbatie mpaka achoke yeye. Mimi nitakuwa mbali, sitaona.

Ni mimi mama yako.